Wakorea hawajabadilika, kitabu ndo kilikosea

Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 rais wa Korea Kusini, Yoon Suk Yeol, alitokea kwenye TV akatangaza sheria ya kijeshi, na kabla watu hawajamaliza kuulizana kama ni utani au vipi, umati ulikuwa umeshajaa nje ya bunge pale Seoul unasukumana na wanajeshi, wabunge wanaparamia uzio ili waingie ndani, spika mwenyewe Woo Won-shik, mtu mzima wa miaka 67, naye akaruka, na ilipofika kama saa saba usiku wabunge 190 waliofanikiwa kuingia wakapiga kura, wote 190, kutaka amri ya rais ifutwe. Miezi minne baadae, tarehe 4 Aprili 2025, majaji wote 8 wa mahakama ya katiba wakamwondoa madarakani. Sasa mimi kilichonishangaza ni maelezo ya watu wetu huku mitandaoni, wengine wasomi kabisa. Eti Wakorea siku hizi wamebadilika. Eti utandawazi umewaharibu, Wamarekani wamewafundisha kelele, maana Mkorea tunayemjua sisi ni yule wa kuinama, kunyamaza, kumtii mkubwa na kulinda amani ya kundi hata kama anaumia.

Hapana jamani. Huyo Mkorea tunayemjua sisi hakuwahi kuwepo, ametungwa vitabuni, hasa kwenye vitabu vya somo la mawasiliano baina ya tamaduni, vile vinavyofundishwa vyuoni Marekani na Ulaya halafu vikishatafunwa kidogo vinageuzwa slaidi za semina mpaka huku kwetu. Na shida yake sio matusi, maana vingi vina adabu na vinamsifia Muasia mpaka unaona aibu wewe unayesoma. Shida ni kwamba vinawachukua watu zaidi ya bilioni 1.5 wa China, Japani, Korea mbili na Taiwan, vinawapa tabia moja, halafu kila wanachofanya kinaelezwa kwa tabia hiyo hiyo tu, wakati Mmarekani au Mholanzi akifanya kitu kilekile anatafutiwa sababu ya maana: alichoka, alikosea, alikuwa na njaa, bosi wake mbaya. Mmoja ana sababu, mwenzake ana utamaduni.

Ungeisoma historia ya Korea yenyewe usingeshangaa lolote. Aprili 1960 wanafunzi walimng'oa rais Syngman Rhee. Mei 1980 watu wa mji wa Gwangju walishika silaha wakapambana na jeshi. Juni 1987 mamilioni waliingia barabarani mpaka watawala wakakubali rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja, na majira ya baridi ya 2016 kuingia 2017 wakakesha na mishumaa mpaka rais Park Geun-hye akaondoka. Mtu akikwambia watu hawa wanaogopa kumpinga mkubwa, muulize mkubwa yupi.

Picha imetoka wapi basi? Hili somo lilianzia ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilikuwa na chuo cha kuwanoa maofisa wanaopelekwa nje, na mmoja wa walimu pale alikuwa mwanaanthropolojia Edward T. Hall. Maofisa wale hawakuwa na muda wa nadharia, walitaka waambiwe fanya hivi, usifanye vile, safari inakaribia. Hall akawapa walichotaka, tena kwa ufundi mkubwa, na mwaka 1976 akaja na ule mgawanyo ambao mpaka leo hukosi kuukuta kwenye kitabu chochote cha somo hili: kuna tamaduni ambazo maneno yanabeba karibu kila kitu, na kuna tamaduni ambazo mengi yanabaki kwenye mazingira, kwenye macho, kwenye ukimya. Japani na China zikawekwa upande wa ukimya, Wajerumani na Waskandinavia upande wa maneno. Kabla yake alikuwepo mwanaanthropolojia mwingine Mmarekani, Ruth Benedict, ambaye kitabu chake cha 1946 kuhusu Wajapani alikiandika bila kukanyaga Japani hata siku moja, kwa sababu ilikuwa vita na kazi yenyewe aliianza kwa agizo la ofisi ya habari za vita ya serikali, akategemea maandishi, filamu na mazungumzo na Wajapani waliokuwa Marekani, kipindi ambacho wenzao zaidi ya 100,000 walikuwa wamefungiwa makambini. Simlaumu sana, alifanya alichoweza. Ila angalia mfululizo huo: kwanza somo la kumjua adui, halafu somo la kumwandaa balozi, na vyote viwili vikaishia kuwa kitabu cha kiada anachokariri kijana wa mwaka wa pili kama vile ni maumbile.

Halafu akaja Mholanzi Geert Hofstede na namba, na namba si unajua zikishaingia hakuna anayebisha. Alichukua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, karatasi zaidi ya 116,000, na mwaka 1980 akatoa kazi iliyozipa nchi alama: hawa wanajali nafsi zao, hawa wanajali kundi, hawa wanakubali umbali kati ya mkubwa na mdogo, hawa hawakubali. Wachina wa bara hawamo kwenye data ile ya IBM, alama za China ziliongezwa baadae kwa kukadiria, lakini hilo kwenye slaidi huwezi kuliona. Sasa chukua jedwali lake lenyewe, lile la zamani linalonukuliwa kila mahali, ulisome taratibu. Kwenye kipimo cha kujali nafsi, ambacho alama ya chini maana yake ni kujali kundi, Marekani ina 91, Japani 46, Korea Kusini 18. Sawa. Lakini Ureno ina 27! Kwa hesabu hiyo Mreno ni mtu wa kundi kuliko Mjapani, na kwa mbali tu, na bado sijaona kitabu chenye sura nzima inayokufundisha namna ya kuongea na Mreno bila kumvunjia kundi lake. Na sisi je? Sisi tumo. Tumepewa 27 kama Wareno, ila tumeandikwa "Afrika Mashariki", na ukitaka kujua hiyo Afrika Mashariki ni ipi utakuta ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, wamemwagwa kapu moja wakapewa alama moja. Mhabeshi wa Addis na Mbemba wa Kitwe. Mtu aliyeona hilo kapu kwa macho yake akakubali kuwa halimwelezi yeye, sijui anapata wapi ujasiri wa kuamini kuwa kapu la jirani ni sahihi.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu maana ndio unaonisumbua zaidi. Tarehe 6 Agosti 1997 ndege ya Korean Air ilianguka Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ikaua watu 228. Kuanzia hapo, na hasa baada ya mwandishi mmoja maarufu wa Amerika Kaskazini kulisimulia vizuri kwenye kitabu kilichouzwa sana, tukio hili limekuwa chakula cha somo letu: rubani msaidizi alikuwa Mkorea, Mkorea hawezi kumwambia mkubwa "unakosea", basi ndege ikaanguka kwa sababu ya adabu. Ukisoma matokeo ya uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani unakuta ni kweli wametaja kuwa wasaidizi wawili, yaani rubani msaidizi na injinia wa ndege, walishindwa kufuatilia vizuri alichokuwa anafanya kapteni, hilo silifichi. Lakini wametaja pia uchovu wa kapteni, mafunzo duni ya kampuni, na mfumo wa pale uwanjani wa kuonya ndege inaposhuka chini mno, ambao mamlaka ya anga ya Marekani yenyewe iliuzuia usifanye kazi inavyotakiwa. Hivyo vyote havina Confucius ndani yake, yule mwanafalsafa wa kale wa China anayesingiziwa kila utii wa Muasia, kwa hiyo havikuingia kitabuni.

Sasa rudi nyuma miaka ishirini. Tarehe 27 Machi 1977, Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye barabara ya kurukia, watu 583 wakafa, mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kama ile. Ndege ya KLM, kampuni ya Uholanzi, ilikuwa inaanza kuruka, injinia wa ndege akauliza kama ile nyingine, ya Pan Am ya Marekani, imeshatoka njiani, kapteni Mholanzi, mtu mwenye jina kubwa kwenye kampuni, akajibu kwa mkato kuwa imetoka, na hakuna aliyembishia tena. Ni kisa kilekile, mdogo kaona hatari, mkubwa kamzima. Uholanzi kwenye jedwali la Hofstede ina 38 kwenye kile kipimo cha kukubali umbali kati ya mkubwa na mdogo, Korea 60, na Ufaransa ukitaka kujua ina 68, Ubelgiji 65. Kuna aliyeandika sura kuhusu utii wa Waholanzi? Hakuna. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1979 wataalamu walikutana kwenye warsha ya NASA na kuanzia hapo yakajengwa mafunzo ya marubani kusemezana na kurekebishana, kwa wote, wa rangi zote. Yaani Mholanzi alipokosea tulijifunza kitu kuhusu vyumba vya marubani, Mkorea alipokosea tukajifunza kitu kuhusu Wakorea.

Hata uandishi haukuachwa. Mwaka 1966 mwanaisimu wa Marekani Robert Kaplan, akisoma insha za Kiingereza za wanafunzi wageni, alichora michoro ya namna watu wanavyofikiri: Mwingereza mstari ulionyooka, na "mtu wa Mashariki" duara linalojizungusha kuelekea katikati, yaani anaizunguka hoja haiigusi. Kaplan mwenyewe alikuja kulegeza baadae ila mchoro haukulegea. Sisi tunao usemi wetu wa kuzunguka mbuyu, na tunautumia kumkosoa mtu, sasa mtu angefika hapa akatangaza kuwa Waswahili kwa asili ni wazunguka mbuyu si tungemwambia kaa chini, kuwepo kwa usemi huo kunaonyesha hatupendi hiyo tabia? Ndivyo ilivyo na ile methali ya Kijapani ya msumari uliochomoza kupigwa nyundo, haikosekani kitabuni, na pembeni yake wanaweka ya Kimarekani ya gurudumu linalolia kupakwa grisi, basi mwanafunzi anaona mataifa mawili yamemalizwa kwa mistari miwili. Kwa mtindo huo nichukue "haraka haraka haina baraka" nikwambie sisi ni wapole, mwenzangu achukue "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" akwambie tuna mchecheto. Methali ni sanduku la vifaa, unachomoa kile unachohitaji wakati huo.

Na Confucius ndiyo kabisa, maana anafanya kazi kama mabango ya waganga pale stendi, anatibu presha, anarudisha mpenzi, anashinda kesi. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber alimtumia kueleza kwa nini China haikuzaa ubepari. Miaka ya 1980 Japani, Korea, Taiwan, Hong Kong na Singapore zilipopaa, akatumika huyohuyo kueleza kwa nini zimepaa, nidhamu, elimu, kuweka akiba. Uchumi ulipoporomoka Asia mwaka 1997, akarudishwa tena kueleza kujuana na kubebana. Maelezo yanayoweza kueleza kitu na kinyume chake hayajaeleza chochote.

Haya, tusikilize na upande wa pili, maana wapo watu makini wanaovitetea vitabu hivi na sio wajinga. Hoja yao yenye nguvu ni ya mtu anayeanza: kijana anaenda Osaka au Chengdu kesho, hajui lolote, si afadhali aende na ramani mbovu kuliko kutokuwa nayo? Hii ina uzito. Tofauti zipo, mimi sisemi binadamu wote ni photocopy, kuna lugha yenye ngazi za heshima zilizoingia mpaka kwenye vitenzi kama Kikorea, kuna namna za kupokea kadi ya biashara, kuna nani anakaa wapi mezani, na mtu akielezwa mapema anaepuka aibu. Tatizo ni kwamba ramani hii haisemi "mezani keti hapa", inasema "mwenye meza anafikiri hivi", na hapo tumetoka kwenye adabu tumeingia kichwani mwa mtu. Hoja ya pili ni kwamba Waasia wenyewe ndio wenye maneno haya: Wachina wana neno lao mianzi (sio mianzi yetu ya mti) wakimaanisha uso, yaani heshima ya mtu mbele za watu, Wajapani wana msemo wa kusoma hewa, yaani kuhisi hali bila kuambiwa, Wakorea wana nunchi, ujanja wa kusoma mwenzako anawaza nini. Kweli kabisa. Lakini sisi nasi tuna sitara, tuna kuumbuka, tuna kumvunjia mtu heshima, tuna "mbona umeniaibisha mbele za watu". Tena historia ya hilo neno uso inachekesha, mwaka 1944 msomi wa Kichina Hu Hsien Chin aliandika kuhusu dhana za uso huko China, mwaka 1955 mwanasosholojia Erving Goffman akaichukua kazi hiyo pamoja na nyingine akaonyesha kwamba watu wote wanacheza mchezo huo, halafu vitabu vya kiada vikarudisha uso China vikafunga na mlango.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayokaa kwenye utangulizi wa kila kitabu, kwamba "tunajumlisha tu, hatumpachiki mtu tabia, kila mtu ni wa kipekee". Sentensi hiyo ni kama onyo kwenye pakiti ya sigara, ipo ili kampuni isishtakiwe. Ukifungua sura ya nne Mjapani anarudi kuwa "Mjapani", umoja, mwanaume, ana suti, anainama. Na hata kama tukubali ni kujumlisha tu, basi jumla iwe sahihi, si ndiyo? Mwaka 1999 wanasaikolojia wa Japani Takano na Osaka walipitia tafiti 15 zilizolinganisha Wajapani na Wamarekani kuhusu nafsi na kundi, 14 hazikuunga mkono imani hiyo na iliyobaki moja ilikuwa ya Hofstede mwenyewe. Mwaka 2002 Oyserman na wenzake walikusanya tafiti nyingi zaidi kwa pamoja wakakuta Wamarekani weupe hawana upungufu wa kujali kundi ukiwalinganisha na Wajapani wala Wakorea, ni Wachina tu ndio walioonyesha tofauti kubwa ya aina inayodhaniwa. Kwa hiyo "Asia Mashariki" kama kitu kimoja ilivunjika hapohapo kwenye data, na vitabu vikaendelea kuchapwa upya.

Kuna wanaosema mbona Wajapani wenyewe wanakubali? Wanakubali wengine, na wana hata jina la maandishi ya aina hiyo, nihonjinron, mijadala isiyoisha ya kwamba sisi Wajapani ni tofauti na dunia nzima, iliyopamba moto hasa miaka ya 1960 na 1970 nchi ilipokuwa inatajirika. Kitabu cha Benedict chenyewe kilitafsiriwa 1948 kikauzwa Japani nakala zaidi ya milioni. Lakini kukubaliana na picha yako sio ushahidi, hasa kama picha inakufaa. Mwajiri akiambiwa taifa lake lina asili ya maelewano na kutogoma, atabisha? Ndiyo maana walioipinga kwa nguvu, kina Harumi Befu na Yoshio Sugimoto, waliuliza kwanza nani anafaidika. Wapo pia wasomi kama Yoshitaka Miike wanaotaka Asia ijieleze yenyewe kwa maneno yake, na Miike amechota wazi kwa msomi Mmarekani mweusi Molefi Asante na mawazo yake ya kuiweka Afrika katikati, jambo ambalo kama Mwafrika linanifurahisha. Ila na huko nina wasiwasi, maana ukitoa sanamu ya mgeni ukaweka sanamu nzuri uliyochonga mwenyewe bado watu wanasimama nje ya sanamu.

Madhara yapo na yanaonekana. Kwenye kesi ya chuo kikuu cha Harvard kuhusu udahili wa wanafunzi iliyoamuliwa na mahakama kuu ya Marekani mwaka 2023 ilionekana wazi kwamba waombaji wenye asili ya Asia walikuwa wanapata alama za chini kwenye kipengele cha haiba kuliko weupe, na chuo kikakana ubaguzi, sawa, lakini mtu aliyesomeshwa miaka kuwa hawa ni wakimya, wa kundi, hawajitokezi, akisoma faili la kijana wa Kichina anaona nini? Darasani ndo usiseme, mwanafunzi wa Kijapani akinyamaza chuo cha London wanasema utamaduni. Mtanzania yeyote aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu Kiingereza anaujua ukimya huo vizuri, tulikuwa tunapiga kelele mpaka Desemba, Januari tukawa mabubu, na hakuna aliyesema Watanzania wana utamaduni wa ukimya, kila mtu alijua ni lugha.

Na kwetu sasa hivi mambo haya sio ya kusoma tu. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya biashara 15 ndogondogo baada ya malalamiko ya muda mrefu, sehemu kubwa kutoka Kariakoo kuhusu Wachina, na mjadala ulivyokuwa unaenda nusu ya watu walikuwa wanaongelea mitaji, kodi na vibali, nusu nyingine wanaongelea "Mchina kwa asili yake". Hii ya pili haikusaidii kutunga sheria hata moja. Tena cha ajabu, tunao Wachina hapahapa, tunao Wakenya na Watanzania wanaoongea Kichina vizuri, Nairobi wana taasisi ya Confucius, ya kufundisha Kichina, tangu 2005 ambayo ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika, Dodoma na Dar nao wanazo, lakini tukitaka kumjua Mchina tunafungua kitabu kilichoandikwa na Mmarekani kwa ajili ya mfanyabiashara wa Marekani anayeenda Tokyo mwaka 1985.

Nilikaa kwenye semina moja ya aina hii, sitaitaja ya nani. Slaidi ikasema watu wa Asia Mashariki hawasemi hapana, husema "tutaangalia". Jamaa niliyekaa naye, anayefanya kazi na msimamizi Mchina kwenye ujenzi, akacheka mpaka kalamu ikaanguka, akaninong'oneza kuwa bosi wake neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza ni hapana na la pili ni haraka, hizo tutaangalia anazisikia kwa mafundi wetu. Chumba kizima kikachangamka, watu wakabisha, mtoa mada akajitetea. Halafu ikaja slaidi inayofuata, kichwa chake "Waafrika", mstari wa kwanza: hawajali muda. Kimya. Nikageuka kumwangalia jamaa yangu, ameinamisha kichwa, anaandika.